Rampu za kubadilishia oili nyumbani: anza na sakafu, gari baadaye

Mtu akitaka kununua rampu, zile ngazi mbili za mwinamo unazopandishia tairi ili uingie chini ya gari, swali la kwanza huwa "inabeba tani ngapi?" na muuzaji naye ashajua hilo ndo swali, kwa hivyo atakujibu mbio mbio tani mbili, tani tatu, we beba tu boss. Sikatai, uzito ni muhimu na ntaufikia, lakini kwa gari nyingi tunazoendesha huku Mombasa, Probox, Vitz, Fielder, Demio, Note, uzito si shida kivile. Shida ni mbili, sakafu utakayoziweka hizo rampu na bampa lako la mbele. Ukikosea hapo hata uletewe rampu ya kubeba lori haitakufaa, ama itateleza ama itang'oa bampa kabla tairi haijapanda hata nusu.

Na kabla hujatoa pesa hebu jiulize kama unazihitaji. Prado, Hilux, Land Cruiser, hizo ziko juu, mtu wa mwili wa kawaida anaingia chini akiwa amelalia boksi na nati ya sampu, ile ya kumwagia oili chini ya injini, anaifikia bila kupandisha chochote. Kuna gari zengine filta iko juu, Subaru za injini za FB kwa mfano, filta unaiona ukifungua boneti tu, ukiwa na pampu ya kunyonya oili kupitia tundu la dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, unamaliza savisi bila kulala chini kabisa. Lakini Subaru za injini za EJ, zile za zamani, filta iko chini, hapo rampu inakuwa na maana. Probox, Fielder na Axio zenye injini ya 1NZ nazo ni kazi ya chini, na hizo ndo ziko kila kona ya mji huu, kwa hivyo nyingi ya hii mwongozo inaongea na nyinyi.

Toka nje kwanza utazame sakafu

Usifungue simu kutafuta bei. Toka nje uangalie pale utakapoegesha. Unataka mahali tambarare, pagumu, na parefu kiasi cha kuingia gari zima na rampu mbele yake na nafasi ya kurudi nyuma bila kugonga geti. Kupima utambarare laza chupa ya maji ya plastiki chini, ikibingirika yenyewe hapo si pa kazi hii.

Sakafu bora ni simiti iliyoachwa na ukwaruzo, ile ambayo haikusuguliwa ikang'aa. Hapo karibu kila rampu itakaa. Kabro ni sawa pia lakini kabro za huku kwetu zina mchanga juu saa zote, upepo unauleta, hasa ukiwa Bamburi, Shanzu ama upande wowote wa karibu na ufuo, na ule mchanga mwembamba ukikaa chini ya rampu ni kama umeipaka sabuni. Fagia kwa ufagio wa chelewa, tena ufagie mpaka katikati ya mistari ya kabro, alafu upitishe kiganja cha mkono uhisi. Kama kiganja kinateleza rampu pia itateleza.

Tailsi za kung'aa, zile watu wanaweka kapoti ipendeze, hapo mimi nasema hapana, labda uwe na mpira mnene chini na hata hivyo sipendi. Lami wakati wa jua la kaskazi inalainika, miguu myembamba ya chuma inadidimia. Na mchanga mtupu ama udongo, yaani kama kwenu ni uwanja wa mchanga chini ya mnazi, usinunue rampu yakhe, pesa hiyo peleka gari gereji yenye shimo, ama umwage simiti vipande viwili vya kusimamisha rampu kwanza. Kuna wanaoweka mbao chini ya rampu juu ya mchanga, mbao ikilala upande mmoja gari inaegemea, na wewe uko chini.

Nyumba za kupanga zina jambo lake. Parking ni ya wote, keyteka hataki kuona tone la oili kwenye kabro na ana haki. Ongea nae kabla, chagua saa ambayo watoto hawachezi hapo, na utandaze maboksi. Kama jibu ni hapana basi ni hapana, usifanye usiku kwa tochi ya simu.

Kwa nini rampu hukimbia

Hii watu wengi hawaielewi na ndo inaamua ununue rampu gani, kwa hivyo nivumilie kidogo.

Gari nyingi ndogo huvutwa na tairi za mbele. Tairi ya mbele ikizunguka juu ya rampu inaisukuma rampu kurudi nyuma, chini ya gari. Ukikanyaga mafuta kwa pupa tairi inazunguka kasi kuliko gari linavyokwenda na rampu inarushwa. Nshaona Vitz ya jirani ikifanya hivyo kwenye kapoti ya tailsi, mlio mmoja tu "chwaaa", rampu ya kushoto ikatoka ikapiga chini ya mlango wa abiria, ya kulia ikabaki pale pale na gari likakaa upande. Hakuna aliyeumia, ila ule ukingo wa chini ya mlango ulikunjika, na ukingo huo ndo unaowekewa jeki.

Gari inayosukumwa na tairi za nyuma, kama Mark X ama Hiace, kinyume chake. Tairi za mbele hazina nguvu, zinasukumwa tu, kwa hivyo zinaisukuma rampu mbele na mnaenda wote, wewe na rampu, mpaka ukuta. Ukipandisha gari ya kuvuta mbele kwa kurudi nyuma, yaani unataka kufanya kazi upande wa nyuma, hali ni hiyo hiyo, rampu inasukumwa.

Na gari yoyote ile, ukija na kasi ukaigonga rampu, ama ukifika juu ukakanyaga breki ghafla, rampu inakwenda mbele. Kwa hivyo dawa ni mbili, mguu mwepesi na rampu iliyoshika chini. Mguu ni wako. Ya kushika chini ndo unainunua.

Ukishika rampu dukani igeuze. Ya plastiki nzuri ina raba chini upande wa mwanzo, pale tairi inapoanzia, raba iliyoingizwa ndani ya tundu zake si stika iliyogundishwa, manake gundi kwa joto la huku haidumu. Chuma nyingi hazina raba, chini ni ukingo mtupu wa chuma, hiyo kwenye simiti ya ukwaruzo inauma vizuri ila kwenye kitu laini haina msaada. Zengine zina tundu mbele za kufunga mkanda. Ujanja wangu ninaoupenda ni ulimi. Unachukua mpira wa tairi kuukuu ama mkeka mnene wa raba, upana wa rampu, urefu kama nusu mita, unaufunga kwa boliti kwenye mwanzo wa rampu ulale kuelekea gari. Tairi inakanyaga ule mpira kwanza ndo ipande, uzito wa gari wenyewe unaishikilia rampu isiende mbele. Bei yake karibu bure na inafanya kazi kuliko nembo yoyote.

Bampa, na jaribio la feri

Kama uko upande wa Likoni una bahati, jibu unalo tayari. Maji yakiwa yamekupwa ile ngazi ya feri inainuka mwinamo mkali, gari za chini zinakwaruza. Kama yako huwa inakwaruza pale, rampu fupi za kawaida sahau. Kama inapita safi bado pima, manake rampu nyingine ni kali kuliko hata ile ya feri.

Kupima ni hivi. Chukua tepu ya fundi. Simama mbele ya tairi, si katikati ya bampa, manake rampu inapita mbele ya tairi na bampa pale pembeni lina umbo lake. Pima kutoka pale tairi inapogusa chini mpaka chini ya sehemu ya bampa iliyo chini zaidi. Tuseme sentimita 50. Alafu pima urefu wa hapo kutoka chini, tuseme sentimita 12. Sasa njoo kwa rampu. Rampu inayopanda sentimita 16 ndani ya mwendo wa sentimita 60, ukifika sentimita 50 ishakuwa juu sentimita 13 na kitu. Bampa lako liko 12. Umegonga. Rampu inayopanda sentimita 16 hizo hizo lakini kwa mwendo wa sentimita 90, ukifika 50 iko chini ya sentimita 9, unapita na nafasi inabaki.

Kwa hivyo kitu cha kuuliza ni urefu wa mpando, usishughulike sana na urefu wa kwenda juu. Ya kwanza hapo ina mwinamo wa digrii kama 15, ya pili kama 10. Gari iliyo na bodi kiti, vile vipande vya urembo vinavyoshusha bampa, ama springi zilizokatwa, na vijana wetu wanapenda hizo, tafuta ya digrii 10 ama chini. Axio na Fielder zina vile vipande vya raba mbele ya tairi, hivyo vikigusa si neno, vinakunja. Plastiki ya bampa haikunji, inapasuka.

Kama ushanunua kali na bampa linakosa kidogo tu, weka ubao wa unene wa inchi mbili kabla ya rampu, mrefu wa kutosha tairi ikae juu yake vizuri, bampa linainuka kabla halijafika. Lakini ubao nao lazima ushikane na rampu, skrubu ama ule ulimi wa raba upite juu ya zote mbili. Ubao uliowekwa tu hivi hivi ni kitu cha tatu cha kuteleza.

Kuna rampu za vipande viwili, mpando unatoka ukishafika juu. Nzuri kwa bampa ndefu na pia unapata nafasi ya kuingia chini kwa ubavu. Shida ni kwamba pini ya kuunganisha ndo ya kwanza kupata kutu, ntalifikia hilo.

Upana na urefu wa kwenda juu

Upana upesi upesi. Soma tairi yako, ile namba ya kwanza ni upana kwa milimita, 175/65R14 ni milimita 175. Ndani ya rampu pawe na zaidi ya hapo, angalau sentimita tano zaidi. Tairi ikikaa juu ya ukingo wa rampu umenunua kitu cha gari nyingine.

Urefu wa kwenda juu, watu wanadhani ukizidi ndo raha. Ukizidi mpando unakuwa mkali ama rampu inakuwa ndefu haiingii stoo. Sentimita 16 ama 17 zinatosha gari nyingi. Fanya hivi, lala chini kwenye boksi, mwambie mtu apime kutoka sakafu mpaka juu ya kifua chako ukiwa umevuta pumzi, alafu unyanyue mkono umeukunja na spana ndani, apime tena. Hiyo ya pili ndo nafasi unayotaka chini ya injini. Mtu mwenye kitambi ajipime kwa ukweli.

Sasa uzito

Fungua logibuku, tazama uzito wa gari likiwa tupu. Probox iko kwa tani moja na kidogo, Noah ama Voxy ziko kwa tani moja na nusu ama zaidi kidogo. Gari ya injini mbele huweka kama asilimia 60 ya uzito kwa tairi za mbele. Kwa hivyo Noah ya kilo 1,600 itaweka kama kilo 960 mbele, kila rampu inabeba kama 480. Si nyingi, ndo maana nikasema uzito si shida kivile.

Lakini soma maandishi kwa makini. Rampu nyingi zinazoletwa toka nje zimeandikwa kwa pauni. Pauni 8,000 ni kama kilo 3,630, na 12,000 ni kama kilo 5,440. Na hiyo namba mara nyingi ni uzito wa gari zima linaloruhusiwa kupanda na rampu zote mbili kwa pamoja, sio kila moja. Muuzaji anaweza kukwambia "hii moja inabeba tano", akizidisha mara mbili una kumi, hesabu za sokoni hizo. Wewe chukua namba ndogo iliyo na maana, alafu hakikisha ni angalau mara mbili ya uzito utakaowekwa mbele. Na namba iwe imechongwa ama kuchapwa kwenye rampu yenyewe. Ikiwa iko kwa boksi peke yake ama kwa picha ya mtandaoni tu, rudisha.

Plastiki, chuma, ama mbao

Plastiki ni nyepesi, haina kutu, na kwa hewa yetu ya chumvi hilo si jambo dogo. Ila inahitaji kulala yote chini, jiwe dogo chini yake ama kabro moja iliyoinuka inaweka uzito wote mahali pamoja na hapo ndo ufa unaanzia. Na jua linaiua. Ukiiacha juani mwaka mzima inageuka rangi inakuwa kavu, ukiigonga kwa spana inatoa mlio wa kavu kavu, hiyo ishakwisha hata kama inaonekana nzima. Kabla ya kila kazi igeuze utazame zile mbavu za chini, ufa mmoja tu itupe, usiichome usiigundishe.

Chuma cha kiwandani kinabeba na kinavumilia kupigwa, ila chumvi. Kutu ya juu si shida, piga brashi ya waya, redi oksaidi, rangi, endelea. Kutu ya kuogopa ni ile ya kwenye maungio, pale walipochomea, na ndani ya bomba ambapo huoni. Chukua bisibisi uchokonoe kwenye maungio, ikiingia ama vipande vikitoka kama majani, rampu hiyo peleka kwa wanunuzi wa skrapu.

Fundi wa mtaani wa kuchomea, najua mtaniuliza. Inawezekana na wako wazuri, lakini kutengeneza mageti mazuri hakumaanishi anajua kubeba uzito. Geti halina mtu chini yake. Ukienda kwa fundi mwambie chuma cha pembe cha inchi mbili chenye unene wa milimita tano, vyuma vya kukanyagia vikaribiane, na miguu iunganishwe kwa vyuma vya mshazari pande zote. Simama hapo akichomea. Wengi wanashikiza nukta nukta kwanza ili kitu kikae mraba, hiyo ni kawaida, shida ni nukta hizo zikipakwa rangi zikawa ndo kazi yenyewe. Kwa hivyo sharti la kwanza usilipe hela ya mwisho kabla hujaona maungio bila rangi, mstari uwe mzima umezunguka, bila vitundu. Kisha ipandishe gari uiache usiku kucha bila mtu chini, asubuhi tazama kila kiungo. Na bado mimi ningeongeza stendi za jeki chini ya gari kama akiba.

Mbao ndo siri ambayo watu wanaidharau. Mbao za mbili kwa kumi, si mbili kwa nane, manake inchi nane ni sentimita 20 tu na tairi ya 185 inabaki na nafasi ya kidole. Ya chini iwe kama mita 1.2, ya pili sentimita 90, ya tatu 60, zipangwe zilingane upande wa mwisho, kila ngazi ukate mwanzo wake kwa mshazari, skrubu ndefu kutoka juu na vichwa vizame ndani, na kipande kimoja cha kuzuia kipigiliwe mwisho kabisa. Ngazi tatu zinakupa kama sentimita 14 ama 15. Haina mwinamo mkali, bampa linapita, inashika simiti vizuri, haipigi kelele, na hata ikianza kuchoka mara nyingi inalia kabla haijavunjika. Ubaya ni uzito wake na mchwa, usiilaze kwenye udongo.

Kitu kimoja sitaki kukiona ni gari juu ya mawe ya kujengea. Yale mawe ya matumbawe tunayochonga huku Pwani ni mazuri kwa ukuta, uzito umetandazwa, lakini ukiweka tairi juu ya moja linaweza kupasuka bila kukupa ishara, na huwezi kujua kwa kulitazama. Bloku za simiti zenye tundu vile vile. Hata kama umewaona watu wanafanya kila siku.

Kupanda

Tairi za mbele zinyooke kabisa, rampu ziguse tairi zote mbili sawa sawa na zitazame mbele sambamba, piga teke kila moja uone kama inacheza. Tafuta mtu wa kukuongoza, asimame ubavuni mbali kidogo ambapo anaona tairi na wewe unamuona, asisimame mbele ya gari hata kidogo. Mkubaliane ishara kabla, manake makanga wa mtaa wakiwa watatu kila mmoja anapiga kelele yake, "lete lete" na "simama" kwa wakati mmoja.

Gari otomatiki weka D, achia breki taratibu, ongeza mafuta kidogo kidogo mpaka linaanza kupanda na usisite katikati. Ukifika juu utahisi limelala sawa, hapo breki pole. Ikiwa rampu imesogea, shuka, panga upya, usijaribu kurekebisha ukiwa nusu. Juu ukishafika weka P, ya manyuo weka gia, vuta hendibreki, zima, funguo weka mfukoni kwako wewe, isiachwe kwenye gari mtoto akaja kuwasha redio.

Hendibreki ya gari nyingi inakamata tairi za nyuma, ambazo ziko chini, kwa hivyo hizo ndo zinazoshikilia kila kitu. Ziwekee kabari za mbao nyuma na mbele, kila tairi. Kisha simama pembeni ulisukume gari kwa nguvu zako zote, litingishe. Kama litaanguka lianguke sasa.

Oili yenyewe

Hapa sitakaa sana. Injini iwe vuguvugu, si ya moto, ukitoka safari ngoja kama nusu saa manake bomba la ekzosi litakuchoma kabla ya oili. Probox ya 1NZ nati ya sampu ni spana 14, tumia ya ringi ama soketi, spana ya mdomo inakula pembe. Chombo cha kukingia kiwe cha lita sita hivi, injini hiyo inatoa kama lita 3.7 ukibadilisha na filta. Ukifungua nati mkono utoke kwa ubavu, oili inaruka mbali mwanzoni alafu inarudi karibu, sogeza chombo. Pua ya gari ikiwa juu, tazama tundu la sampu liko upande gani, likiwa upande wa mbele oili kidogo itabaki nyuma, hilo wala lisikukoseshe usingizi.

Nati iwekee washa mpya, ile pete yake, kaza kiasi, si kwa kurukia spana. Filta mpya ipake oili kwenye raba yake, na hakikisha raba ya zamani haikubaki imeganda kwenye injini, raba mbili zikikutana oili yote inamwagika ukiwasha. Filta ikaze kwa mkono mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Jaza lita tatu na kitu kwanza, washa ukiwa bado juu ya rampu, toka utazame chini kwa tochi kama kuna tone. Zima.

Kushuka ondoa kabari, hakikisha hakuna chombo wala mtu nyuma, rudi polepole bila mafuta, breki tu. Dipstiki usiisome gari likiwa juu, itakudanganya, isome chini ukishatulia dakika chache, alafu ongeza mpaka ifike.

Oili chafu rudisha ndani ya dumu lile lile la oili mpya, funga kifuniko, peleka gereji ambayo ina pipa la kukusanya, nyingi wanalo manake kuna wanaoipitia kuinunua. Mtaroni usimwage, mitaro ya mji huu inaishia Tudor Creek ama baharini. Na rampu, kama ni ya chuma ioshe kwa maji baridi ya bomba, ikauke, pini na maungio uyapake oili mpya kidogo, uisimamishe ndani. Ya plastiki ifute kwa sabuni mpaka isiwe na mafuta pale tairi inapokanyaga, manake savisi inayofuata iko miezi mbele na utakuwa ushasahau kwamba ilimwagikiwa.